Ubao wa Gunnerwick

Jumatatu, 1 Agosti 1955

Tangazo limetoka! Limebandikwa dirishani kwa muuza nyama, kati ya soseji na bei ya maini. Baraza la mji litasimamisha ubao mkubwa wa mbao za mwaloni juu ya mteremko wa mashua, uwaeleze wageni historia ya Gunnerwick. Atakayeuandika ndiye atakayekuwa mwongozaji rasmi wa matembezi, kwa mshahara, kila kiangazi. Waombaji ni wawili. Kila mmoja ataongoza matembezi yake, na Jumamosi kamati itaamua.

Waombaji wenyewe: Bwana Amos Trattles, kinyozi. Na mimi.

Kinyozi! Mimi nina shahada ya historia. Yeye ana kiti kinachozunguka.

Nimempelekea Shangazi Dorcas habari jikoni mwa nyumba yake ya wageni, akiwa anakanda unga. Hakuinua kichwa. Amesema ni vizuri, lakini mambo yawe wazi: nikiukosa ubao huo, Jumatatu ijayo napanda treni kwenda Bradford, kwenye duka la kofia la Mjomba Percy. Aproni nimekwisha kushonewa. Akaongeza kwamba elimu ninayo, hakatai, lakini tangu nirudi na elimu hiyo hajaiona ikipiga deki.

Bradford hakuna bahari. Nimeangalia kwenye ramani mara mbili.

Jioni nimekaa ukutani mwa gati hadi makalio yakafa ganzi. Wageni hutazama jabali letu wakaona jabali. Mimi naona miaka mia mbili na hamsini ya shabu, ile chumvi itokayo mwambani. Mwamba huu ulichomwa katika malundo makubwa kama makanisa, ukaungua miezi tisa, ukalowekwa, ukachemshwa na mkojo uliochacha. Bila shabu rangi haishiki kwenye kitambaa. Bila mkojo shabu haipatikani. Kwa hiyo meli zilitoka hapa kwenda London zimebeba siagi na shabu, zikarudi zimebeba mapipa ya mkojo wa London. Nusu ya Uingereza ilivaa nguo nyekundu kwa sababu ya jambo hili! Nikilifikiria sana macho hulowa.

Na Trattles huwaambia watu nini? Wasafirisha magendo. Brandi. Padri asiye na kichwa. Katika nyaraka zote nimempata msafirisha magendo mmoja tu, naye alitozwa faini kwa vitambaa vya lesi.

Sina wasiwasi hata kidogo. Namsikitikia mzee wa watu.

Jumanne, 2 Agosti

Mpango wa kwanza: upelelezi. Nimejiunga na matembezi ya Trattles kwa siri. Nilivaa kofia ya misiba ya Shangazi, yenye utaji mweusi hadi kidevuni. Nilijibanza nyuma kabisa.

Trattles akapiga kengele yake, akahesabu watu kwa kidole, akafika kwangu. Akasema kwa sauti ya mtaa mzima: "Ahlan, Zillah mwanangu! Kofia ya msiba hiyo, kafa nani?"

Nikamjibu: historia.

Akacheka hadi akajishika mbavu. Akanipa pipi ya mnanaa, akaniomba nimshikie kengele, maana bega lake linamsumbua. Niliishika saa nzima. Ni nzito. Nadhani ni hila ya kunichosha.

Nilimsahihisha mara tatu. Lile handaki chini ya baa si la magendo, ni mfereji wa maji machafu. Ile taa dirishani haikuwa ya kuwaashiria wenye mashua, ilikuwa ya mwoka mikate. Na padri alikuwa na kichwa, kipo hata kwenye picha. Mara ya tatu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aligeuka akaniambia, dada, kama una haraka ya ukweli maktaba iko wazi hadi saa kumi na moja. Watu wakacheka.

Wakacheka, lakini walinisikia. Hilo ndilo jambo.

Jambo la kutia shaka ni moja tu: alikuwa na watu arobaini na mmoja. Kamati huhesabu. Mwenyekiti wake ni Bi Featherstone, mjane wa meneja wa benki, ambaye huhesabu hata mbegu za zabibu kwenye keki ya kanisani.

Arobaini na mmoja nitawapata wapi? Nimelala kitandani kifudifudi nikalifikiria. Jibu limekuja wakati wa kumwaga poti za mkojo za vyumbani. Mawazo yangu makubwa huja wakati huo.

Jumatano, 3 Agosti

Sheria ya nne ya Shangazi: mgeni akimaliza kifungua kinywa hutoka nje saa nne, na harudi hadi saa kumi na moja jioni, jua liwake au mvua inyeshe. Nyumba zote za wageni hapa zina sheria hiyo. Kwa hiyo kila siku mji huu una watu mia tatu waliofungiwa nje, wamejikunyata vibandani, hawajui wafanye nini na maisha yao. Hadhira tayari! Ni ya kuokotwa tu.

Lakini hadhira haitoshi. Inataka kuona kitu. Trattles ana kengele. Mimi nitakuwa na jaribio la kisayansi. Wachemsha shabu wa zamani hawakuwa na vipimo. Walitumbukiza yai la kuku kwenye mchanganyiko. Likizama, bado. Likielea, tayari. Nitalifanya mbele ya kamati, palepale kwenye magofu, kwenye kighuba nyuma ya rasi ya Pua ya Kasisi. Yai litapanda juu, Bi Featherstone atashika kifua, nami nitakuwa nimekwisha kushinda.

Nahitaji yai, shabu, na mkojo uliochacha. Yai lipo jikoni.

Kuhusu mkojo nilitaka uwe wa hiari. Sipendi kuchukua kitu cha mtu bila kumwambia. Nimeandika notisi kwa mwandiko mzuri, nikaiweka juu ya ndoo kwenye ujia wa ghorofa ya pili: "Wageni wapendwa mnaombwa kuchangia historia ya taifa." Kisha niliificha ndoo uani nyuma ya lundo la makaa kabla Shangazi hajapanda ngazi.

Wengi waliona haya. Lakini Bwana Pickersgill wa chumba namba tatu, kondakta mstaafu wa tramu kutoka Halifax, alinisimamisha uani akaniuliza kwa uzito wote ndoo iko wapi. Alisema amekuja Gunnerwick miaka kumi na tisa na hii ni mara ya kwanza mtu kumtaka mchango wake kwa jambo lolote. Mtu wa maana sana. Amerudi mara nne.

Jua kali. Ndoo inachacha vizuri mno. Wakati wa chai mabibi wawili waliacha samaki wao wa moshi sahanini wakauliza kama ni wa leo. Shangazi akaapa kwamba ni wa asubuhi, akamwita fundi bomba. Fundi amechimbua ua wote. Hakuona kitu. Amesema ni ajabu ya Mungu.

Alhamisi, 4 Agosti

Siku ya ushindi mtupu.

Asubuhi nimekwenda kwa adui kununua shabu. Ndiyo! Kipande cha shabu kipo kwenye kila meza ya kinyozi, cha kuzuia damu mtu akikatwa kidevuni. Mzee anakishika kutwa na hajui kilikotoka. Nilijifanya ninakitaka kwa chunusi. Trattles alinitazama, akanitazama tena, akanipa vipande viwili na akakataa kulipwa. Akauliza kama nimeangalia maji. Nikamwambia mimi nimezaliwa hapa. Akasema na waliozama walizaliwa hapa, akanipa kadi yake ya duka. Upande mmoja bei za kunyoa, upande wa pili nyakati za maji kupwa na kujaa kwa wiki nzima.

Nimeibandika kadi hapa kwenye shajara. Ilikuwa ndefu kuliko ukurasa, nikakata ukingo wa chini. Ulikuwa na maandishi madogomadogo, bila shaka tangazo la mafuta ya nywele.

Kadi inasema kesho maji yatakupwa kabisa saa saba kasorobo mchana. Mtu wa kawaida angeiamini. Lakini vitabu vya maji huandikwa kwa saa ya majira ya baridi. Sisi kila mwaka husogeza saa zetu mbele kwa saa moja kiangazi kinapoanza, bahari haisogezi. Kwa hiyo lazima kuongeza saa moja. Yaani saa nane kasorobo. Hapa ndipo shahada inapomtenga mtu na kinyozi! Njia ya chini ya Pua ya Kasisi hubaki wazi kwa saa mbili baada ya maji kukupwa. Kwa hiyo tutakuwa na nafasi hadi saa kumi kasorobo. Tele.

Mchana mvua. Nikaenda na Bwana Pickersgill na dada yake hadi mbele ya kibanda kitupu karibu na gati. Nikawaomba wasimame mmoja nyuma ya mwingine, watazame mbele, wasiseme neno. Nikangoja.

Dakika ya pili alikuja mzee mwenye mwavuli akasimama nyuma yao. Kisha familia ya watu sita. Baada ya robo saa foleni ilikuwa imekunja kona. Hakuna aliyeuliza ni ya nini. Kwetu mtu akiikuta foleni huiheshimu. Bibi mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba ni aiskrimu, mwenzake akasema hapana, ni kamba wa kuchemsha, kasikia harufu. Mimi nikapita na daftari nikiandika majina yao kwa matembezi ya kesho saa saba. Waliona aibu kukataa, maana walikuwa tayari kwenye foleni.

Majina hamsini na mbili! Trattles arobaini na mmoja. Nimeandika namba hizo mbili kwenye karatasi nikaiweka chini ya mto.

Ijumaa, 5 Agosti

Naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto. Nitaeleza kwa utulivu.

Saa saba walikuja thelathini na wanane, na wengine watatu wakitafuta kamba wa kuchemsha. Arobaini na mmoja. Sare! Bi Featherstone alikuja na mbwa wake, aitwaye Balozi, na wajumbe wawili, wote na viatu vya kanisani. Bwana Pickersgill alibeba ndoo, kifuniko kimefungwa kwa kamba. Watu walimwachia nafasi kubwa ya kutembea.

Tukapita chini ya Pua ya Kasisi, mchanga mkavu, anga safi. Nilijisikia kama jenerali. Kwenye magofu nilipanda juu ya jiwe nikasema. Sijawahi kusema vile. Nilisema juu ya moto wa miezi tisa, wanawake waliobeba mawe kwa mikono, nyumba za London zenye ndoo mlangoni. Nikawaonyesha mahali njia ya wachimbaji ilipopanda jabali. Nikawaambia kwa masikitiko kwamba haipo tena, iliporomoka mwaka 1871, kitabu changu kinasema. Watu walisogea karibu. Mtoto mmoja aliuliza kama Malkia naye alichangia. Nikasema wa wakati ule, inawezekana.

Kisha jaribio. Nikafungua ndoo. Safu tatu za mbele zilirudi nyuma. Nikatia shabu, nikakoroga, nikatumbukiza yai.

Likazama.

Nikasema ni kawaida, tusubiri. Tukasubiri. Nikaeleza historia ya yai. Bi Featherstone akauliza, kwa leso puani, tutasubiri hadi lini. Nikamwambia sayansi haiharakishwi, na muda tunao hadi saa kumi kasorobo. Bwana Pickersgill alikuwa amepiga magoti kando ya ndoo akilisihi yai: "Haya mama, panda, panda, usituaibishe mbele ya watu wa benki."

Saa tisa kasorobo Balozi alianza kubweka kuelekea rasi. Nikageuka. Pua ya Kasisi ilikuwa imeingia majini hadi kwenye nyusi.

Bahari iliwahi! Sina maelezo mengine. Hesabu zangu zilikuwa sahihi, nimezipitia tena sasa hivi. Bahari iliwahi kwa saa nzima, jambo ambalo nitaliandikia mamlaka.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu walivua viatu, wakavikumbatia, wakaniambia matembezi yalikuwa mazuri sana hadi hapa. Mzee wa mwavuli alisema kwamba kwao Wakefield jambo hili lisingewezekana. Maji yalifika magotini mwa wajumbe. Bi Featherstone alimweka Balozi kichwani kama mtungi. Mama mmoja akawapanga watoto kwa urefu. Mimi niliukaza uso.

Ndipo tukasikia kengele.

Ilitoka juu. Jabalini, katikati ya miiba, alikuwa anashuka Trattles na aproni yake ya kinyozi. Nyuma yake Kasisi Ullathorne, taulo shingoni, shavu moja limenyolewa na la pili jeupe kwa povu. Inasemekana mzee alituona tukipita dukani kwake kuelekea rasi, akangoja turudi, hatukurudi, akatazama saa ukutani, akasema neno moja baya mbele ya kasisi, akatoka na kengele, wembe bado mkononi. Kasisi alimfuata kwa kudhani ni wazimu.

Walishuka kwa njia. Njia ya wachimbaji! Ipo. Kitabu changu kimekosea na nitakiandikia pia.

Wakatupandisha mmoja mmoja. Trattles alimwambia kila mtu aweke mguu wapi. Na huku akihema, mwizi huyu mkubwa, alikuwa anawaambia kwamba hizi ndizo ngazi za magendo, hapa ndipo walipopitishia mapipa ya brandi gizani. Watu wakashusha pumzi: oooh! Nilikuwa wa mwisho, chini kabisa. Sikuweza kunyamaza. Nikapaza sauti: "Mapipa ya mkojo!"

Jabali likairudisha mara tatu.

Nilipofika nusu ya njia nikatazama chini. Wimbi lilikuwa limeinyanyua ndoo, ikawa inacheza juu ya maji, yai na vyote ndani yake.

Kitaalamu, lilielea.

Jumamosi, 6 Agosti

Trattles kura tatu. Mimi sifuri.

Barua ya kamati inasema bidii yangu imetambuliwa. Bi Featherstone ameongeza kwa mkono wake kwamba viatu vilikuwa vya harusi ya binti yake.

Inasemekana katika kikao Trattles alisimama akaomba ubao uitaje shabu. Alisema ameishika miaka arobaini na hakuwahi kujua kwamba wenzake waliihangaikia hivyo, na kwamba binti Zillah alipokuwa juu ya jiwe, yeye alisikia mwangwi wa maneno kutoka kule juu na akasahau kidogo alikuja kufanya nini. Kamati ikajadiliana nusu saa. Imekubali maneno manne. Yatakuwa chini kabisa, baada ya padri asiye na kichwa: "Pia palikuwa na kiwanda."

Pia palikuwa na kiwanda. Miaka mia mbili na hamsini!

Najua mchezo wa kinyozi. Amenipa manne ili nionekane nimepewa.

Leo ni siku ya wageni kuondoka na wapya kuja. Bwana Pickersgill aliondoka na begi lake. Mlangoni alimshika Shangazi mkono akasema miaka kumi na tisa amekuja kutazama maji, mwaka huu maji yamemtazama yeye, na hajapata likizo kama hii tangu aoe. Akaomba chumba kilekile mwaka ujao. Kisha akauliza kama binti atakuwepo. Shangazi akatazama birika la chai muda mrefu, kana kwamba limempigia kelele. Akasema mambo ya mwakani yako mwakani.

Amekwisha kunikunjia nguo. Kanitilia sandukuni soksi sita za sufi. Agosti!

Jumapili, 7 Agosti

Siku ya mwisho. Baada ya ibada nimekwenda gatini kuaga. Sikuaga mtu, nimeaga jabali. Lilikuwa kijivu huku limeungua wekundu pale moto ulipopita, kama mtu aliyeona haya zamani na haya hazijamtoka. Nimejiuliza kama kuna mtu mwingine duniani anayelipenda kwa sababu ya mkojo. Nimejisikia mpweke sana, na bora kidogo.

Trattles akaja akakaa kando yangu. Kisha akatoa kadi yake nyingine, nzima, akaniwekea kidole chini kabisa, kwenye maandishi madogo. Yalisema: "Kwa ajili ya wageni, saa ya kiangazi imekwisha kuongezwa." Akasema kwa upole kwamba huenda nami niliongeza, ikawa mara mbili. Hata yeye, mwaka wa kwanza wa kuchapisha kadi, alimzamisha punda kwa kosa hilohilo. Kila mtu wa hapa ana saa yake aliyoiongeza mahali pasipotakiwa.

Nikaenda nyumbani nikatazama kadi yangu kwenye shajara. Haina maandishi hayo.

Basi yote yako wazi. Amechapa kadi mpya usiku kucha ili ajisafishe. Lakini sina kinyongo. Ni mzee, na bega linamsumbua. Nilimwambia nitamwandikia kutoka Bradford, nimpelekee marejeo sahihi kuhusu lile handaki. Akasema atafurahi, ila mtu mwingine wa kumshikia kengele hamwoni. Nilikula pipi yake ya mnanaa.

Jumatatu, 8 Agosti

Ratiba ya reli inasema treni ya Bradford ni saa tatu asubuhi. Ratiba, kama kitabu chochote cha wakubwa, huandikwa kwa saa ya majira ya baridi. Watu wengi hawalijui hilo, ndiyo maana vituo vimejaa watu wanaongoja. Mimi nikaongeza saa moja. Saa nne.

Saa mbili na nusu nilikuwa mezani, kofia kichwani, sanduku mlangoni, nimetulia kabisa. Shangazi alitoka jikoni akaniona. Akatazama saa ya ukutani. Akanitazama mimi. Nikadhani atanifokea jambo. Akaniongezea chai. Akanikatia mkate mwingine, akaupaka siagi hadi pembeni, kitu ambacho hajanifanyia tangu nina miaka sita, mwaka alioanza kunilea. Akakaa mbele yangu, akakunja mikono, hakusema neno. Nimeona jinsi alivyokuwa na hamu ya kunisindikiza.

Saa nne kasoro dakika tano nilifika kituoni. Kutupu! Mpiga tiketi ananiambia treni imekwenda, dada, na moshi wake. Saa nzima kabla ya wakati! Kwanza bahari, sasa reli. Nchi hii inaharakishwa na mtu, na ninaanza kuhisi ni nani, maana duka la kinyozi liko mkabala na kituo. Nimeandika barua kwa wenye reli, kurasa nne, na nakala kwa mamlaka ya bahari.

Nilirudi na sanduku. Shangazi alikuwa mlangoni, nadhani alikuwa anangoja muuza maziwa. Aliuliza imekuwaje, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa amejifunika mdomo kwa kitambaa cha vyombo, kwa huzuni. Akasema tiketi yangu ni ya bei nafuu, inafaa Jumatatu na Alhamisi tu. Basi, tufanye Alhamisi. Kwa sasa poti za namba tatu hazijamwagwa, na hao wageni wapya wameuliza mezani kama ni kweli kuna binti hapa anayewafikisha watu mahali pasipo na njia ya kurudi. Wangependa kwenda. Akasema pia Trattles kapita, kaacha kengele jikoni, kadai bega bado linamsumbua.

Alhamisi, basi. Treni ni saa nne na nusu. Nimeandika hapa ili nisisahau: saa tano na nusu.

Shangazi amechungulia begani mwangu akasoma. Amesema ni sawa kabisa.